Mapezi ya Mgomba Mchanga

Bukoba, 3 Februari 2025

Kaka Alexander,

Habari za Izigo? Huku hatujambo. Baba anakusalimu, na anauliza kama ile gundi ya resini uliyochukua dukani kwake mara ya mwisho ilikauka vizuri au ilibaki kunata. Barua nimeiingiza ndani ya pezi la kushoto, pale pa mguu, kwa sababu simu yako inapatikana siku unazopanda kilima cha kanisa tu, na michoro haisemeki kwenye simu. Boksi analo Mwijage kwenye pikapu yake ya ndizi. Kagua kama hakulikalia.

Sasa mapezi uliyonitengenezea nizamie. Usinune.

Jana nimeshuka nayo kwenye miamba ya kisiwa cha Musira, Asif akiwa juu ameshika boya na kunilinda. Kushuka kwa pumzi moja si kazi, kazi ni kurudi. Mguu unapiga, bapa linakunjika vizuri, halafu linabaki limekunjika kama mtu aliyesahau alichotumwa. Linapokumbuka kunyooka, mguu wangu umeshapiga tena. Nimefika juu kifua kinawaka, Asif akanikamata mkono. Mapezi yako yamechoka kabla yangu.

Mazuri yapo. Mfuko wa mguu ulioushona kwa tyubu ya tairi haubani wala hauchomoki. Ile pembe uliyoongeza kati ya wayo na bapa ni akili tupu, magoti hayaniumi tena. Shida ni bapa lenyewe, halina mruko.

Na muda hatuna. Wale wakufunzi wa uokoaji kutoka Mwanza wanakuja tarehe tatu Mei kuchagua mapezi yatakayotumika kwenye mialo yote ya wavuvi ya upande huu. Mapezi ya karboni ya Asif yalipasuka kwenye mwamba siku ya kwanza, umeyaona. Vijana wangu wa mwaloni wanajitolea kuzamia watu mitumbwi inapopinduka, na wanazamia peku. Wakufunzi wakiyakubali ya kwako, hakuna atakayekuita tena injinia wa likizo.

Dada yako katika maji,
Jagruti


Izigo, 11 Februari 2025

Dada Jagruti,

Sikununa. Nilinuna kidogo, kisha nikalikunja bapa juu ya goti nikaona umesema kweli. Mwambie Mzee Ishwarlal resini ilikauka vizuri, kasoro ni ya uzi wangu.

Nikueleze. Uzi ninaotumia natoa kwenye mgomba ambao mkungu wake umeshakatwa. Mgomba huo umetoa kila ulichokuwa nacho. Uzi wake ni wa kahawia na ni mvivu. Nimeongeza tabaka, nikapata ubao. Nimepunguza tabaka kuelekea ncha, kama ulivyonichorea, ikasaidia kidogo. Mruko unaoutaka upo, lakini upo kwenye mgomba ambao bado haujatoa mkungu. Uzi wake ni mweupe na ukiukunja unakurudishia mkono.

Hilo lakini tusilifikirie. Wewe umezaliwa Bukoba, unajua. Huku mgomba ambao haujazaa haukatwi. Mtu akiukuta umekatwa kibanjani mwake, katika shamba lake la nyumbani, hasemi nimeibiwa, anasema nimetukanwa, na baraza linaitishwa. Mama ndiyo usiseme. Kibanja chetu anakijua shina kwa shina, kaburi la baba liko katikati, na asubuhi anapita na muhoro wake, ule mundu wa kupogolea, akizungumza na migomba kuliko anavyozungumza na mimi.

Nami simlaumu. Kwenye jumuiya yetu ya sala amewaambia wenzake kwamba nimekuja likizo. Likizo hii sasa imeingia mwaka wa pili. Wanapita hapa, wananikuta nimekaa chini ya banda nachana maganda ya migomba, wanasema, "Injinia, bado unapumzika?" Mama anajibu kwa niaba yangu, "Anafanya utafiti." Akishasema hivyo anaingia jikoni haraka. Najua ni kwa nini anaingia haraka.

Nitatafuta njia nyingine.

Wako,
Alexander


Bukoba, 6 Machi 2025

Alexander!

Nimeandika jina lako bila kaka kwa furaha, unisamehe.

Nilipofungua boksi nilidhani umenitumia vitu vya watu wengine. Meupe! Resini inaangaza, nyuzi zinaonekana ndani moja moja kama nywele za bibi. Nimeyavaa jana. Napiga mguu mara moja, nateleza, nangoja, napiga tena. Bapa linarudi lenyewe na kunisukuma. Nilifika chini kwenye lile jiwe lenye nyavu zilizonasa, nikazunguka, nikarudi juu nikiwa bado nina pumzi ya kumtukana Asif kwamba kamba ameilegeza. Yeye mwenyewe ameyajaribu akakataa kuyavua, amekula chapati nayo miguuni.

Sijui umefanya nini, na siulizi. Fundi haulizwi jikoni mwake.

Ninachotaka ni jozi nyingine, za kikundi chote, kabla ya Mei. Miguu yao nimeichora nyuma ya karatasi hii. Wilbert ana vidole vipana, mpe nafasi.

Jagruti


Izigo, 17 Machi 2025

Dada Jagruti,

Nimefurahi. Ni kweli nimefurahi, ingawa barua hii haitaonyesha. Na umefanya vizuri kutouliza.

Huku kuna tatizo. Jumapili moja ya mwezi uliopita mama alirudi misani akakuta migomba yake upande wa bondeni imekatwa. Ilikuwa bado haijatoa mikungu. Aliyeikata alikuwa ameichanachana palepale, maganda ya nje yametupwa huku na huku, majani chini. Mama hakulia. Alikaa kwenye kisiki na kanga yake ya kanisani mpaka jua likahama. Nilimwambia ainuke, atapata baridi. Akaniuliza, "Alexander, kuna mtu nimemkosea?" Nikasema sijui.

Nilimsaidia kuokota majani.

Watu wanamtaja Ta Lameki, mzee jirani yetu wa chini. Mwaka jana aligombana na mama juu ya milamula, ile miti ya kuonyesha mpaka, akisema imepandwa ndani kwake. Aliongea maneno makali siku ile, na huku maneno hayasahauliki. Katika jumuiya mzee mmoja amesema kikulacho ki nguoni mwako, na wote wakaangalia bondeni. Mimi niliangalia bondeni pamoja nao.

Mapezi ya Wilbert yamo kwenye boksi, na ya mwenzake. Mengine naendelea.

Alexander


Bukoba, 22 Machi 2025

Kaka Alexander,

Mpe mama pole nyingi. Watu wana roho mbaya kweli, kumfanyia hivyo mama mjane.

Mapezi yamefika salama. Wilbert ameyalalia usiku kama mtoto na kiatu cha Krismasi. Ila bapa la kulia la mwenzake linayumba kidogo, nafikiri kingo za pembeni ziongezwe urefu kama nilivyochora hapa, zishike maji yasimwagike kando. Bado wanne hawana. Je, utawahi? Tarehe inatukimbilia.

Jagruti


Izigo, 7 Aprili 2025

Jagruti,

Boksi hili halina mapezi. Lina barua tu, na Mwijage amenicheka kwamba natuma hewa.

Wiki iliyopita migomba ilikatwa tena, mama akiwa misani. Juzi Ta Kahigi, mwenyekiti wetu wa kitongoji, akaitisha baraza uwanjani kwake. Alikuja kila mtu. Ta Lameki walimsimamisha katikati. Ameshika kofia mkononi, anaizungusha tu. Aliapa kwa jina la Mungu, kwa jina la watoto wake, kisha akaapa kwa kaburi la baba yangu, maana walikua pamoja. Mkewe alikuwa amekaa na wanawake, amejifunika uso kwa kanga. Wakasema, nani mwingine ana ugomvi na Ma Vestina? Wakasema, mkata migomba hakai na watu, ahame. Ta Lameki akasema, "Nihamie wapi waitu, ndugu zangu, nami nimezaliwa pale?"

Mimi nilikuwa kwenye benchi la mbele, nimepewa nafasi kwa sababu ni mtoto wa aliyedhulumiwa. Nilikuwa nimeshaandaa sentensi. Ilikuwa fupi. Niliisema moyoni tangu nyumbani mpaka pale. Nikawa najiambia, akimaliza huyu kusema nasimama. Akamaliza. Nikajiambia, akimaliza na yule.

Akasimama mama.

Alisema, "Msimwonee Lameki. Migomba ile nimeikata mwenyewe."

Ta Kahigi akamwuliza, "Umeikata wewe, Ma Vestina? Migomba yako? Kwa nini?" Akasema, "Sijui. Mkono ulinituma." Kijana mmoja nyuma akacheka, wakamnyamazisha. Kisha nikaona nyuso zinabadilika. Hasira ikaondoka, ikaja huruma, na ile huruma ilikuwa mbaya kuliko hasira. Mwanamke mmoja akasema taratibu, "Uzee umeshamfika, maskini." Ta Kahigi akafunga baraza kwa sala.

Na mimi nilikuwa nimekaa, Jagruti. Nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Mama alifika nyumbani akapika, akaniita kula. Alinichagulia ndizi zilizoiva vizuri, akala za chini zilizoshika sufuria. Nilitaka anitukane. Sijui aibu hii niiweke wapi. Nikiingia ndani ipo, nikitoka kibanjani ipo, visiki vinaniangalia.

Sasa unajua nyuzi nyeupe zilitoka wapi. Kama hukujua.

Alexander


Bukoba, 10 Aprili 2025

Alexander,

Nilijua.

Ulinieleza mwenyewe Februari, mweupe na una mruko. Boksi la Machi lilipofunguka nikaona weupe, nikajua, na hapohapo nikaandika kwamba siulizi. Ulipoleta habari za mama na kisiki nilisoma haraka haraka nifike mahali penye mapezi. Kisha nikakuandikia kwamba watu wana roho mbaya. Nimetafuta pa kuuficha uso wangu tangu barua yako ifike. Baba ameniuliza kama naumwa.

Nenda ukaseme. Mama yako hawezi kubeba hilo.

Na bado, nitakuambia kwa sababu wewe umeniambia ya kwako: hata sasa ninapoandika nenda ukaseme, kuna sauti inaniambia asiseme kabla ya tarehe tatu Mei. Ona nilivyo. Hawa vijana wamejifunza, wiki jana Wilbert amefika chini kabisa na kurudi. Najiambia ni kwa ajili ya watu wanaozama. Nusu ni kweli. Nusu nyingine nataka watu wa Mwanza waseme, huyu binti wa duka la vyuma ameleta kitu.

Jagruti


Izigo, 28 Aprili 2025

Jagruti,

Nimesema. Sikiliza kilichotokea.

Kwanza ujue jinsi mama anavyoishi sasa. Ta Kahigi na wazee walikuja kwa upole wakachukua muhoro wake, asije akajikata. Akitoka kwenda kibanjani anafuatwa na mjukuu wa jirani, ameagizwa amwangalie. Kwenye jumuiya yeye ndiye aliyekuwa akiongoza rozari miaka yote, sasa anaongoza mwenzake Renatha. Watu wakimsalimia wanapaza sauti kama vile ni kiziwi. Wanamwuliza, "Ma Vestina, leo ni siku gani?" Yeye anajibu siku, anawashukuru.

Jumamosi jumuiya ilikuwa kwetu. Baada ya masomo nikasimama. Nikasema, mama yangu hajaugua, migomba nilikata mimi, nilitaka nyuzi, na Ta Lameki nilimwacha asimamishwe nikiwa naona. Nililia. Nilisema yote.

Wakaniangalia. Kisha Renatha akaja akanikumbatia. Akasema, "Tazameni mtoto. Anabeba aibu ya mama yake." Wakapiga makofi! Katekista akasema hii ndiyo amri ya nne, waheshimu baba na mama, ni mfano kwa vijana wote. Nikasema hapana, ni kweli, ni mimi. Wakazidi kunisifu. Mzee mmoja akaniambia pembeni, "Inatosha, mwanangu, tumeelewa. Injinia hawezi kufanya upuuzi ule."

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka ameangalia mikono yake. Ta Lameki peke yake hakupiga makofi.

Tangu hapo natukuzwa kila ninapopita. Nimesema ukweli na nimezidi kuwa mwongo. Huku banda langu ni tupu, tangu nikutumie ya wale wanne kila uzi mweupe niliokuwa nao uko kwako. Wazee hawa wamekua na maganda ya migomba mikononi, wakiona zile nyuzi watajua bila kuambiwa. Jumuiya ijayo ni kwa Ta Lameki, Jumamosi, tarehe tatu Mei asubuhi. Najua tarehe hiyo ni ya nini. Siombi. Nimeandika tarehe tu.

Alexander


Izigo, 12 Mei 2025

Mwanangu Jagruti,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua ninyi mnasali kwingine, lakini sijui kuanza barua kwa namna nyingine, uipokee hivyo hivyo.

Anayekuandikia ni mimi Vestina, mama yake Alexander. Yeye hawezi kukuandikia. Ameshika kalamu mara kadhaa akaiweka. Anasema atakuandikia nini mtu uliyeacha wageni wako wa Mwanza ufukweni ukaja kukaa juu ya mkeka kwa Lameki na boksi mapajani. Nimemwambia basi nipishe, mimi nina maneno.

Ulipoondoka hukuona yote, kwa hiyo nakusimulia. Uliposema, "Hivi vitu nimevaa mimi, naye alivitengeneza kwa sababu nilivitaka," watu walidhani ni maigizo. Ulipompa Lameki lile pezi wakawa bado wananong'ona. Lakini wewe uliona alivyolikunja, na lilivyomrudishia mkono, na alivyolipeleka mlangoni kwenye mwanga. Alisema, "Huu ni uzi wa mgomba ambao haujazaa." Uliondoka, pezi likapita mikononi mwa wote. Kila aliyelishika alimtazama Alexander, kisha akanitazama mimi, kisha akatazama chini. Renatha aliomba maji ya kunywa.

Sasa mwanangu wanamwita mkata migomba. Ni jina baya, mwanamke wa huku haolewi na mtu mwenye jina hilo. Hicho ndicho nilichokuwa nakikimbia pale barazani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sikuweza kumwacha Lameki aliyebeba jeneza la mume wangu, wala sikuweza kumtaja mtoto wangu. Nikaona mimi ni mzee, watanicheka mwaka mmoja nitakufa. Sikujua kwamba kuonewa huruma kunachosha namna ile.

Nilijua tangu siku ya kwanza. Nilipotoka kwenye kisiki niliingia bandani kwake nikafagia vipande vyeupe kabla Mwijage hajaja kuchukua boksi. Nilifagia kwa mkono wangu. Nilimwuliza kuna mtu nimemkosea ili aseme, hakusema, nikamfichia. Na mambo haya yalianza na mimi. Nilimwonea aibu mtoto wangu kwa kukosa kazi, nikamvika likizo, naye akatafuta kuivua kwa njia yoyote. Hilo nimemwambia padri, na wewe nakuambia.

Kila asubuhi sasa anakwenda kwa Lameki kung'oa ile milamula ya mpakani na kuipanda pale Lameki anapoonyesha. Kile kipande tumemwachia. Juzi Lameki alimpa kikombe cha chai.

Nasikia unataka kuyachoma yale mapezi. Usiyachome. Migomba yangu imo humo, mikungu yake sikuila. Wavalishe wale vijana, mtu akizama wamtoe. Ila mengine ya namna ile nisisikie. Mgomba wangu ukishatoa mkungu, shina mnakaribishwa kulichukua, kwa uzi huo wa kahawia mtumie akili zenu.

Jana baada ya misa Kahigi amekuja mwenyewe na muhoro wangu, ameufunga kwenye gazeti. Nimeufungua, nimekwenda kibanjani, na hakuna aliyenifuata.

Mimi mama yako,
Vestina